Ugumu wa Punje ya Kahawa Huanzia Golgi

Menya tunda bivu la kahawa katika shamba lolote kati ya Ruiru na Thika. Utakuta ute unaoteleza vidoleni, na ndani yake punje inayoyashinda meno. Ute na punje vyote vimejengwa kwa kiasi kikubwa kwa sukari, na seli za mkahawa zimetumia mtambo uleule: Golgi, zile tabaka za vifuko bapa ambazo Camillo Golgi wa Italia alizieleza mwaka 1898 baada ya kuchunguza seli za neva za bundi. Aina ya sukari inachangia tofauti hiyo, lakini ustadi mkubwa, kwa maoni yangu, uko katika yale ambayo seli huyazuia yasitokee kabla ya wakati wake.

Karibu nusu ya uzito mkavu wa punje mbichi ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, hasa galaktomanani, arabinogalaktani na selulosi. Selulosi haisukwi ndani ya Golgi. Mitambo yake huunganishwa humo, kisha hupelekwa kwenye utando wa nje wa seli, na huko ndiko nyuzi hutoka. Galaktomanani hujengwa ndani ya Golgi yenyewe, na hapo ndipo penye kazi ngumu. Uti wake ni sukari za mannosi zilizofuatana moja kwa moja. Minyororo ya namna hiyo ikiachwa bila matawi hushikamana na kuacha kuyeyuka, na kitu kilichoganda hakipiti katika vifuko vidogo vya kusafirishia. Kwa hiyo vimeng'enya viwili hufanya kazi bega kwa bega: kimoja hurefusha uti, kingine huupachika sukari ya galaktosi ungali unakua. Matawi hayo ya galaktosi ndiyo huuweka mnyororo katika hali ya kuyeyuka hadi ufike ukutani. Jeni za vimeng'enya vyote viwili zilielezwa katika kahawa mwaka 2008.

Mnyororo ukishafika ukutani, matawi hayahitajiki tena. Katika kahawa ya arabika, wiki 11 baada ya maua, kila galaktosi moja huwa na mannosi kati ya 2 na 7. Punje ikikomaa, huwa na kati ya 7 na 40. Watafiti wanalihusisha badiliko hilo na alfa-galaktosidasi, kimeng'enya kinachokata matawi. Minyororo iliyopunguziwa matawi hukaribiana, ukuta hunenepa, na punje inakuwa ngumu.

Ute nao una siri ya namna hiyo. Pektini iliyomo ndani yake hujengwa Golgi kwa asidi ya galakturoni, na humohumo asidi hizo hufunikwa kwa vikundi vya methili. Bila kifuniko zingenasana kupitia kalsiamu na kuwa rojo nzito kabla hazijatoka. Kifuniko huondolewa ukutani, na kimeng'enya kingine, kwa kiasi kinachotakiwa na tishu husika.

Kiwandani, baada ya mashine kutoa ganda, kahawa hulazwa kwenye matangi ichachuke hadi ute huo utoke. Bakteria na hamira, pamoja na vimeng'enya vya tunda lenyewe, huikatakata pektini. Mfanyakazi husugua punje mkononi: zikikwaruzana kama kokoto, ute umekwisha, na huoshwa. Kuchelewa hapo huharibu ladha, na kazi ya mwaka mzima ya mkulima huweza kupotea kwa saa chache. Nadhani anayesimamia tangi anastahili kuelezwa kemia hii kwa Kiswahili, maana ndiyo anayoishika mkononi kila msimu.

Ukuta ule mgumu ni akiba pia. Mbegu ya kahawa ikipandwa kitaluni huchukua wiki kadhaa kuchomoza, na katika muda huo kimeng'enya kiitwacho mannanase huanza kuvunja galaktomanani mbele ya ncha ya kiinitete. Ukuta hulegea, mzizi hupenya, na mannosi zilizopangwa moja moja ndani ya Golgi hurudi kuwa chakula cha mche.