Kukum: mtangazaji wa tele anaandika nkambo yake



Michel Jean alisoma habari kwenye tele TVA, kule Quebec, miaka mingi. Huyo huyo, Mwinnu wa Mashteuiatsh, aliandika romani Kukum (2019). Kwa Kiinnu kukum ni nkambo mwanamke. Anayeelezewa ni Almanda, mama wa nyanya yake: binti yatima, si Mwinnu, anaolewa na mwindaji Thomas Siméon na kumfuata msituni. Rafiki alinikopesha, nikaimaliza siku mbili.

Sentensi zake ni fupi, za mtu wa tele kabisa. Mwanzoni zilinichosha. Ziwa zuri, msitu mzuri, na Thomas karibu hana kosa. Ndoa ya namna hiyo mimi sijaiona bado! Tena Almanda ndiye anasema "mimi" kitabu kizima. Nilitaka kuwasikia wale waliompokea: walimwonaje huyu binti asiyejua hata kuchuna ngozi ya mnyama?

Lakini fika pale familia inataka kupanda mto Péribonka kama kila mwaka, na mto umejaa magogo. Kampuni imekata miti, inaisukuma na maji. Mtumbwi hauna pa kupita. Hapo zile sentensi fupi zinapiga kweli, kwa sababu habari kama hiyo haina haja ya mapambo.

Mimi nilisoma agronomia. Miaka yote ya lisansi tulihesabu msitu kwa hekta na mita za ujazo. Hakuna zoezi hata moja lililouliza: nani alikuwa anapita hapa? Nikafikiria Batwa wa Kahuzi-Biega, walioondolewa msituni miaka ya 1970 juu ya hifadhi. Kule waliharibu msitu, huku walisema wanaulinda. Njia ya mwenyeji ikafungwa vile vile. Na kwenye tele yetu, Batwa niliowaona mara nyingi wanasemewa na mtu mwingine. Michel Jean alikuwa na mikrofoni yake, hata hivyo aliona dakika mbili za habari hazimtoshi nkambo.

Mambo ya watoto kupelekwa shule ya bweni Fort George, naona ameyapita mbio sana. Alikuwa ameshayaandika mbele, kwenye Le vent en parle encore (2013). Hiyo bado sijaipata. Mwenye nayo anikopeshe, nitairudisha safi.