Mikono Inayoijua Karatasi

Fundi mmoja wa picha ninayemfahamu Dar es Salaam hagusi karatasi kabla ya kufuta jasho. Huzima feni, huvaa glavu nyeupe za pamba, ndipo akafungua boksi la Photo Rag Baryta la Hahnemühle, Wajerumani wanaotengeneza karatasi tangu 1584. Hutoa moja tu, ameishika kwa pembe mbili zinazokingamana. Ina gramu 315 kwa mita ya mraba. Ile ya ofisini ina 80. Uzito huo humdanganya mgeni aidhani imara, kumbe ikibonyea kidogo tu hubaki na alama ya hilali, na mng'ao ndio unaoitangaza.

Kisha huiinamisha dirishani na kuitazama kwa upande. Anatafuta nyuzi. Uzi wa pamba ulionata juu ya karatasi hupokea wino usio wake. Siku ukidondoka huacha kitone cheupe kwenye paji la uso la bibi harusi, na hapo hakuna dawa. Brashi yake ina nywele laini, naye huipitisha taratibu, upande mmoja, bila kurudisha mkono.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na karatasi hii ya pamba huunywa, hivyo kingo hujikunja. Kichwa cha printa hupita karibu mno na karatasi. Ukingo ulioinuka kikiukwaruza, huacha mstari wa wino mweusi. Kwa hiyo kwanza hukinyanyua kichwa kwenye mipangilio, kisha huingiza karatasi kwa njia iliyonyooka. Vidole vyake huisindikiza tu mpaka magurudumu yaikamate.

Barita, yaani lile tabaka la unga mweupe wa salfeti ya bariamu, si jambo geni. Lilikuwamo kwenye karatasi za chumba cha giza, enzi ambazo mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Unguja, mwaka 1930. Baadaye zikaja karatasi za plastiki, rahisi kuosha na kukausha, na vyumba vya giza vikafungwa kimoja kimoja. Sasa barita imerudi kupitia printa za wino. Mikono iliyoizoea haikurudi nayo.

Nilipeleka picha ya marehemu mama yangu kwenye duka moja mjini, nikalipia karatasi ya aina hii. Nilirudishiwa imeviringishwa kama mkeka na kufungwa mpira. Nilipoikunjua, uso ulikuwa umepasuka vistari vyembamba kuanzia bega hadi shavuni. Kijana wa kaunta alishangaa kuona nimenyamaza.

Kwa fundi wangu picha hulala bapa siku nzima kabla ya kutiwa kwenye fremu, maana mvuke wa wino ukifungiwa ndani huweka ukungu kwenye kioo. Nimewahi kumsikia mteja akimharakisha: "Fundi, si imeshakauka hii?" Akamjibu kwa upole, "Juu imekauka, mama. Ndani bado." Mama yule aliondoka amenuna.

Vijana wanaokuja kujifunza kwake hukimbilia kompyuta. Rangi wanazirekebisha vizuri, tena haraka. Kushika karatasi wanaona ni kazi ya msaidizi, na msaidizi mwenyewe fundi hana. Akistaafu huyu, picha za wajukuu wangu sijui nitampelekea nani.