“Baba Yetu” na Tuzo ya Mpangaji

Huku kwetu habari ya mtunzi Christopher Tin husimuliwa kwa sentensi moja: wimbo wa Kiswahili ulishinda Grammy. Ni kweli, ila sentensi hiyo imeacha nje jambo ambalo mwanamuziki angelitaka kulijua kwanza. Tarehe 13 Februari 2011, kule Los Angeles, Tin alitoka na tuzo mbili. Moja ilikuwa ya albamu yake Calling All Dawns, katika kundi la muziki wa klasiki unaochanganyika na mitindo mingine. Ya pili ilikuwa ya wimbo wenyewe, “Baba Yetu”, nayo ilitolewa kwa mpangilio bora wa ala zinazosindikiza sauti za waimbaji. Tuzo hiyo ya pili haikuwa ya utunzi, wala ya maneno, wala ya uimbaji. Waliopiga kura walimpa mpangaji.

Mtu aliyepitia kwaya ya shule hapa Kikima ataielewa tofauti hiyo upesi. Kila mwaka shule za vilima vya Mbooni hujiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, na huko mwalimu wa kwaya hufundishwa na karatasi ya alama kwamba wimbo wa asili uliouchukua kwa bibi yako ni kitu kimoja, na mpangilio uliousimamisha juu yake ni kitu kingine. Unaweza kuwa na wimbo mtamu ukaporomoka kwa sababu sauti ya tatu haina kazi ya kufanya. Niliimba besi miaka kadhaa, na ninajua uchungu wa kusimama jukwaani ukiwa na noti mbili tu za kurudia hadi mwisho. Kwa hiyo niliposikia “Baba Yetu” kwa mara ya kwanza sikio langu lilikwenda chini, kwa wenye besi. Walikuwa na kazi.

Wimbo huu haukuzaliwa kanisani. Ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Aliyeongoza ubunifu wa mchezo huo, Soren Johnson, aliwahi kuishi chumba kimoja na Tin walipokuwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mchezaji alipoufungua mchezo, kabla hajaanza lolote, dunia ilizunguka taratibu kwenye kioo na kwaya ikaimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Waliorekodi wakati huo walikuwa Talisman, kikundi cha waimbaji wa Stanford. Maneno yalitengenezwa na Chris Kiagiri, Mkenya aliyesoma chuoni hapo.

Hapo kwenye maneno ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Muumini aliyelelewa na Biblia ya Union, kama walivyo wengi katika makanisa ya Africa Inland Church (AIC) ya Mbooni, akiusikiliza wimbo huu vizuri atashtuka mara mbili. Anangoja “riziki”, anasikia “chakula”. Anangoja “deni”, anasikia “makosa”. Maneno ya wimbo yanafuata njia ya Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi zaidi. Sijui kama uchaguzi huo ulikuwa wa imani au wa sikio, lakini kwa upande wa muziki ulilipa. Katika tafsiri hiyo, ombi la ufalme na ombi la mapenzi ya Mungu yanafungwa na vitenzi viwili vinavyoishia kwa “-ike”. Hicho ni kina. Mshairi wa Kiswahili angekitafuta usiku kucha, na hapa kimekuja bure ndani ya sala. Mtunzi anayepewa kina kama hicho hana haja ya kulazimisha chochote. Muziki wake unaweza kukanyaga mahali palepale mara mbili na msikilizaji akahisi mlango umefungwa, hata asipojua neno moja la Kiswahili.

Halafu kuna “yetu”. Katika sala, neno hilo linasemwa mara moja baada ya “Baba” na safari inaendelea. Katika wimbo linarudiwa papo hapo, na linajitokeza tena hata baada ya “mbinguni”. Mwalimu wa sarufi atachukua kalamu nyekundu, kwa kuwa “mbinguni” inataka “kwetu” au “mwetu”, haitaki “yetu”. Tena kuna mahali ambapo “uliye” inafunga mstari bila kuambiwa Baba huyo yuko wapi, kana kwamba kirejeshi kimeachwa njiani. Nimesikia watu wakilalamikia mambo haya, na kwa sarufi hawakosei. Lakini wimbo hauendi kwa sarufi peke yake. Ile “yetu” ya pili ni mwangwi: kundi linadaka neno la mwisho alilolisema kiongozi na kumrudishia. Hailifafanui neno “mbinguni” hata kidogo. Bado inamjibu “Baba”. Katika ngoma zetu za Ukambani ngui, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, na wanaomwitikia hawasubiri amalize fikra yake. Wanamdakia mkia wa neno na kuugeuza kuwa kiitikio. Vivyo hivyo “Amina”, ambayo katika sala hungoja mwisho, hapa inaingia mapema, katika kiitikio chenyewe. Ni kelele ya kuitikia, kama mtu anavyoitikia mhubiri katikati ya mahubiri. Na zile “e” zilizopenyezwa kati ya maneno zinajaza pigo ambalo vinginevyo lingekuwa tupu. Yeyote aliyewahi kufundisha kwaya ya wanawake wa kanisa anajua kwamba “e” hizo huja zenyewe, hata usipoziandika.

Kuna sababu nyingine iliyofanya Kiswahili kiwe nyenzo nzuri mikononi mwa mpangaji. Silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu. Kwaya ya watu hamsini ikiimba lugha yenye konsonanti nyingi za mwisho, kila mmoja anaikata konsonanti wakati wake na sauti inakuwa kama changarawe. Kwa Kiswahili mdomo unabaki wazi, sauti inajaa, na ala zinaweza kuingia chini yake bila kugombana na maneno. Ndiyo maana Soweto Gospel Choir, kwaya ya Afrika Kusini iliyoimba wimbo huu kwenye albamu, iliweza kuubeba ingawa Kiswahili si lugha yake. Wazulu na Wasotho nao wamezoea silabi zinazoishia kwa irabu.

Sasa ala. Kosa la kawaida la mpangaji anayeletewa kwaya ya Kiafrika na okestra ya Ulaya ni kuiacha okestra iimbe pamoja na kwaya, noti kwa noti, hadi zote mbili zinyongane. Tin hakufanya hivyo. Mdundo wa ngoma na sauti ya kiongozi ndivyo vilivyopewa msingi, kwaya ikajenga ukuta, na vinanda vya nyuzi pamoja na tarumbeta vikaongezwa kwa kupanda, vikijaza nafasi ambazo kwaya imepumua. Okestra ni ya Royal Philharmonic ya London, chombo kikubwa chenye uwezo wa kumeza kwaya yoyote, na bado unaposikiliza unasikia maneno. Kwa hukumu yangu, tuzo ilipatikana hapo. Kutunga tuni nzuri ni kipaji. Kuwa na okestra nzima mkononi na kuizuia isizungumze mpaka zamu yake ni ustadi wa kujifunza.

Wimbo ulikaa ndani ya mchezo tangu mwaka 2005, tuzo ikaja 2011. Katika miaka hiyo Tin hakuuacha ubaki wimbo wa kufungulia mchezo tu. Aliurekodi upya, akauweka mwanzoni mwa albamu yenye nyimbo kumi na mbili katika lugha kumi na mbili, Kiswahili kikitangulia na Kijapani, Kimandarini, Kireno, Kiajemi, Kimaori na nyingine zikifuata. Albamu ilitoka mwaka 2009. Ilipofika zamu ya kupiga kura, “Baba Yetu” ulikuwa na kwaya mpya na okestra kubwa, na ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa mchezo wa video kupata Grammy. Kundi maalumu la muziki wa michezo ya video lilikuja kuanzishwa baadaye sana. Tuzo yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2023.

Ninayaeleza haya kwa sababu ya jina moja. Katika orodha ya washindi wa 2011 mpangaji anatajwa, na waimbaji na okestra wanatajwa pembeni yake kama waliorekodi. Kundi lile halina nafasi ya aliyetengeneza maneno. Hakuna aliyeonewa, kanuni zake ndivyo zilivyo. Lakini msikilizaji wa Kiswahili anayesema kwa fahari kwamba lugha yake ilishinda angetakiwa aweze kumtaja Kiagiri bila kusitasita, maana ni maneno yale, kwa mkato ule wa silabi, yaliyompa mpangaji kitu cha kupanga.

Na hapa nawageukia walimu wa kwaya wa Kikima, Tawa, Kitui na kwingineko Ukambani. Mpangilio ni kazi. Maneno ni kazi nyingine. Kila mwaka ninaona nyimbo zikipanda ngazi kutoka kata hadi taifa zikiwa zimeandikwa kwa solfa kwenye karatasi ya daftari, bila jina la yeyote. Mwalimu akihamishwa, karatasi inapotea, na mwaka unaofuata wimbo unaimbwa na shule nyingine kama mali ya hewani. Kabla ya kurudufu karatasi hizo muhula huu, andikeni juu yake: wimbo umetoka kwa nani na kijiji gani, nani ametunga, nani amepanga sauti, nani ametengeneza maneno, mwaka gani. Kisha pelekeni nakala Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikasajiliwe.