Tairodi Isiyotaka Makuu

Katika mashindano ya Rhino Charge nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1989, mwenye kasi si lazima ashinde. Timu hupewa saa 10 kuvifikia vituo 13 porini, na ushindi ni wa aliyevifikia vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake. Michango inayokusanywa humo ilisaidia kuizungushia uzio milima ya Aberdare. Kwa dereva, kanuni hiyo ina maana moja: korongo halizungukwi, linashukwa, mwamba haukwepwi, unapandwa. Na katika uvungu wa gari kuna fimbo moja ya chuma inayolipia ujanja huo.

Mafundi wanaiita tairodi. Kazi yake haina maelezo marefu: huunganisha magurudumu mawili ya mbele, ili la kushoto likikata kona, la kulia nalo lifuate. Asili yake ni magari ya farasi. Georg Lankensperger, fundi wa Munich, alibuni namna ya kila gurudumu kugeukia kwenye pini yake badala ya ekseli nzima kuzunguka, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akausajili ubunifu huo London kwa niaba yake. Jina lililobaki vitabuni ni la wakala. Mafundi wamezoea.

Katika Land Rover Defender, fimbo hiyo imejificha nyuma ya ekseli. Katika Jeep Cherokee za zamani iko mbele, kifua wazi, ikipokea kila jiwe. Ikigongwa sawasawa hupinda kama upinde, na ncha zake zikasogeleana. Hapo magurudumu ya Defender hutazama nje, kila moja na njia yake, gari likasimama kama bata. Ya Cherokee hutazamana. Kwa vyovyote vile, matairi yatalika upesi na usukani hautamtii mtu.

Fundi mchanga akiletewa tairodi iliyopinda hukimbilia kutafuta chuma kikali zaidi. Amepata nusu ya jibu. Fimbo hii huvutwa na husukumwa, na kusukumwa ndiko kunakoimaliza. Leonhard Euler aliipigia hesabu habari hii mwaka 1744: fimbo ndefu ikibanwa kutoka nchani haisagiki, hubenuka kando. Kinachoizuia isibenuke ni ukakamavu, na ukakamavu wa chuma cha bei ghali na wa kile cha bei nafuu karibu ni ule ule. Tofauti huletwa na unene. Chukua fimbo ya milimita 25 isiyo na tundu, uilinganishe na bomba la kipenyo cha milimita 38 lenye ukuta wa milimita 6. Bomba litazidi uzito kwa takriban asilimia 23 tu, lakini ukakamavu wake ni zaidi ya mara 4. Chuma kikali nacho kina siku yake: jiwe likigonga katikati, hurudi kama kilivyokuwa pale ambapo chuma laini kingebaki kimepinda.

Basi kazi huanza na bomba nene lisilo na mshono. Bomba la maji halifai, hata kama mwenye gari anaapa kwamba binamu yake analo na halijamsumbua. Ukuta wake ni mwembamba, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humwachia fundi homa. Bomba hufungwa kwenye mashine ya kukerezea, likachongwa uzi ndani ya ncha zote mbili: upande mmoja uzi wa kulia, upande wa pili uzi wa kushoto. Hapo ndipo penye utamu wa ufundi huu. Boljointi zikishaingia, ukilizungusha bomba kwa spana, zote mbili hutoka pamoja au huingia pamoja, na urefu hubadilika bila kufungua kitu zaidi ya nati za kukazia. Wengine huchomelea vipande vyenye uzi kwenye ncha za bomba jembamba zaidi. Inawezekana, mradi mchomeleaji awe mtu ambaye kwa kazi yake fundi angekubali mwanawe apande gari hilo.

Lakini nguvu ya jiwe haipotei kwa sababu tairodi imekataa kupinda. Inahamia jirani: kwenye stadi za mikono ya usukani, au kwenye boksi la stelingi. Tairodi iliyopinda hunyooshwa porini kwa jeki, au kwa mnyororo na mti, kisha ikafungwa gango la chuma ikafika nyumbani ikichechemea. Boksi lililopasuka halina gango. Kwa hiyo fundi mzoefu huacha kuongeza unene mapema kuliko mteja anavyotaka, na mabishano ya hapo huwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Kinachobaki ni kupima. Tairi hupakwa chaki, likainuliwa kwa jeki na kuzungushwa mbele ya msumari uliotulia, ukachora mstari mwembamba kuzunguka mpira. Futi kamba huvutwa kutoka mstari hadi mstari, kwanza mbele, kisha nyuma. Bomba huzungushwa robo, hupimwa tena, nati zikakazwa. Halafu msaidizi hukata usukani hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia, polepole, huku fundi akiwa chali uvunguni, kidole chake kikiwa kati ya bomba jipya na tumbo la difu, akisikiliza kama bado kinapita.