Jina la Nne Katika Faili la Natzweiler

Kosa la Vera Atkins, ofisa wa SOE, shirika la siri la vita la Uingereza, limo katika mstari mmoja tu wa faili la kambi ya mateso ya Natzweiler. Wanawake wanne waliingizwa kambini humo tarehe 6 Julai 1944, wakadungwa sindano ya fenoli usiku uleule, na miili yao ikatiwa tanurini. Watatu aliwatambua barabara: Andrée Borrel, Vera Leigh na Diana Rowden. Wa nne akamwandika kuwa Noor Inayat Khan, wakala mwingine wa SOE. Hakuwa Noor, na hapakuwa na lolote lililomlazimisha kuandika jina.

Sifa zake hatumnyimi. Alikwenda Ujerumani Januari 1946 akiwafuatilia watu 118 wa Seksheni F, idara ya SOE ya Ufaransa, waliopotea, na akabainisha kwamba 117 kati yao walikuwa wamekufa. Ni kazi kubwa.

Turudi kwenye mstari ule. Alikuwa na ushahidi gani mkononi? Alikuwa na Brian Stonehouse, opereta wa redio wa SOE aliyekuwa mfungwa kambini, mchoraji mwenye jicho kali, aliyewaona wanawake hao wakipita akakumbuka koti la manyoya lililoshikwa mkononi na utepe wa skoti kichwani. Alikuwa pia na Albert Guérisse, mfungwa mwingine wa kambi hiyo, anayejulikana zaidi kwa jina la Pat O'Leary. Ushahidi wao ulikuwa safi, lakini ulikuwa wa mavazi, nywele na umbo. Shahidi wa namna hiyo hukuambia mtu alivyokuwa. Jina linatoka kwingine, na hapa lilitoka kichwani mwa mpelelezi mwenyewe.

Njia aliyoifuata ni ya kuondoa: huyu tumempata, yule tumempata, aliyebaki na awekwe kwenye nafasi iliyobaki. Kila mpelelezi ameitumia, nami siilaumu. Ila ina sharti moja lisilo na msamaha, kwamba orodha unayoanzia iwe kamili. Orodha ya Atkins haikuwa kamili. Ilikuwa na wanawake waliotumwa Ufaransa kutoka Uingereza, wengi wao aliwasindikiza mwenyewe hadi kwenye ndege. Noor alikuwemo na hatima yake haikujulikana, maelezo ya sura yakaonekana kumfaa, akapachikwa. Kesi ya mauaji hayo ilifunguliwa Wuppertal mwishoni mwa Mei 1946 na kwisha tarehe 1 Juni, mshtakiwa mmoja akahukumiwa kifo kwa haki kabisa, na familia ya Noor ikabaki na habari ya kifo kisicho chake.

Mwanamke wa nne alikuwa Sonia Olschanezky. Alizaliwa Chemnitz mwaka 1923, Myahudi, mcheza dansi, tarishi wa mtandao wa SOE ulioitwa Juggler. Aliajiriwa Ufaransa kulekule, hakupita London hata siku moja, kwa hiyo ofisi ya SOE ya Barabara ya Baker haikuwa na picha yake wala kumbukumbu ya sura yake. Alikamatwa Januari 1944, baada ya kuendelea na kazi miezi kadhaa wakati mitandao iliyomzunguka imeshavunjwa.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: orodha za ofisini huwasahau walioajiriwa papo hapo. Wabebaji mizigo wa Afrika Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918 walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mpelelezi anayeanzia kwenye orodha ya mwajiri anaurithi upofu wa mwajiri. Na mwajiri hapa alikuwa Maurice Buckmaster, mkuu wa Seksheni F, yuleyule ambaye ofisi yake, mwaka 1943, ilipopokea ujumbe usio na ishara ya usalama kwenye redio ya Gilbert Norman, opereta aliyekuwa ameshakamatwa, ilijibu kumkumbusha asisahau tena. Wajerumani ndio waliousoma ukumbusho huo. Ofisi iliyoshindwa kujua nani anagonga redio yake haikupaswa kuaminiwa kujua nani alikufa kwa ajili yake.

Linganisha njia ya Atkins na ile ya Meja Bill Barkworth na kikosi chake cha SAS, makomando wa Uingereza. Aliwatafuta askari wa SAS waliopotea katika Operesheni Loyton kwa kuanzia ardhini: Gaggenau, makaburi, miili iliyofukuliwa, kisha mashahidi, ndipo majina. SAS ilivunjwa Oktoba 1945, yeye akaendelea kuchimba. Mwili ulikuja kwanza na jina likaufuata. Kwangu hadi leo hajapatikana wa kumfikia. Ndiyo, Natzweiler hapakubaki mwili wa kufukua. Hiyo ilikuwa sababu ya kuongeza tahadhari, na Atkins aliipunguza.

Mwaka 1947 ukweli ukajitokeza. Hans Kieffer, aliyekuwa mkuu wa SD, idara ya ujasusi ya SS, kule Avenue Foch mjini Paris, alihojiwa na Atkins, na habari za gereza la Pforzheim zikatoka: Noor alifungwa humo kwa minyororo tangu Novemba 1943. Wafungwa wenzake walimjua kwa jina la Nora Baker, alilolikwaruza kwenye bakuli lake la chakula. Aliuawa Dachau tarehe 13 Septemba 1944, pamoja na mawakala wenzake Yolande Beekman, Eliane Plewman na Madeleine Damerment. Atkins akasahihisha kumbukumbu ya Noor.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea. Ukimwondoa Noor Natzweiler, nafasi ya nne inabaki wazi, na mtu aliyechomwa ndani yake ni yuleyule wa jana. Familia ya Sonia haikuarifiwa. Ilibidi mwandishi, Elizabeth Nicholas, aifuatilie habari hiyo kwa juhudi zake mwenyewe na kuichapisha mwaka 1958, miaka 14 baada ya moto ule. Kama mwaka 1946 pangeandikwa “hajulikani”, pamoja na maelezo yote ya Stonehouse kuhusu nywele, kimo na mavazi, faili lingebaki wazi, na ndugu wa Sonia wangekuwa na mahali pa kubisha hodi.