Mapenzi Yanayoaga: Uchambuzi wa Wimbo Mmoja wa Kantri

Si jambo geni, katika harusi za mijini, kusikia wimbo mmoja wa Kiingereza ukipigwa wakati maarusi wanapoingia ukumbini. Sauti ya mwanamke huanza peke yake, bila ya ala yoyote. Kisha hupanda, ikapanda tena, hata watu wakanyamaza. Wimbo huo ni "I Will Always Love You", nayo sauti ni ya Whitney Houston. Wageni hufurahi, maarusi hutazamana, na shughuli huendelea. Lakini lau mmoja wa wageni hao angaliyasikiliza maneno tangu mwanzo, angalishangaa. Huo si wimbo wa watu wawili wanaoungana. Ni wimbo wa mtu anayeondoka.

Katika makala haya tunakusudia kuuchambua wimbo huo, fani yake na maudhui yake, ili tujibu swali moja: imekuwaje wimbo wa kuaga ukapokewa kama wimbo wa kufunga ndoa? Huenda msomaji akauliza kwa nini tushughulike na wimbo wa kigeni. Jibu letu ni kwamba wimbo huo umekwisha kuingia majumbani mwetu, na vijana wetu wanauimba. Kitu kilichokwisha kuingia nyumbani yafaa kijulikane. Tena, namna tunavyousikiliza wimbo wa wengine huonyesha namna tunavyozisikiliza nyimbo zetu wenyewe.

Kwanza yatupasa kueleza asili yake. Houston hakuutunga. Mtunzi ni Dolly Parton, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1946 katika milima ya jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto kumi na wawili wa familia maskini ya wakulima. Muziki aliokulia ni ule uitwao kantri, yaani muziki wa watu wa mashamba. Ndani yake zimo tenzi za masimulizi zilizoletwa na walowezi kutoka Uingereza, zimo nyimbo za kanisani, na imo banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika, iliyofika huko pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Kwa hiyo muziki huu, ambao kwa muda mrefu ulitangazwa kuwa ni mali ya wakulima weupe, una damu nyingine pia mishipani mwake. Desturi yake ni maneno ya kawaida, kisa kinachoeleweka, na sauti isiyojitanguliza mbele ya kisa.

Mwaka 1967 Parton alijiunga na kipindi cha televisheni cha mwimbaji Porter Wagoner, ambaye wakati huo alikuwa na jina kubwa kuliko lake. Wagoner alimtambulisha kwa watazamaji na kuimba naye kwa miaka kadhaa. Lakini mwanafunzi alikua. Alitaka kutunga na kuimba kwa njia yake mwenyewe, na mwalimu hakutaka aondoke. Walibishana sana. Mwaka 1973, alipoona kwamba ubishi haufiki mwisho, Parton alitunga wimbo badala ya kuendelea kubishana, akaenda kumwimbia Wagoner ofisini kwake. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, mzee huyo alitokwa na machozi, akakubali aende, kwa sharti moja: yeye ndiye asimamie kurekodiwa kwa wimbo huo. Ulitolewa mwaka 1974, ukafika kileleni mwa orodha ya nyimbo za kantri.

Hapa twapata jambo la kwanza la kuzingatia. Mapenzi yanayotajwa katika wimbo huu hayakuwa, kwa asili yake, mapenzi ya mume na mke. Yalikuwa ni shukrani ya mtu aliyefunzwa kazi kwa yule aliyemfunza. Hata hivyo mtunzi hakutaja kazi, wala televisheni, wala jina la mtu. Aliyaacha maneno wazi, na kwa sababu hiyo kila anayeaga, awe mchumba, mwana au mwanafunzi, aweza kuyavaa yakamwenea. Huo ndio ustadi wa sanaa: kutoka katika jambo la mtu mmoja na kulifikia la watu wengi.

Sasa tuyatazame maudhui. Wimbo una beti tatu fupi, na kati yake kiitikio ambacho ndicho jina la wimbo: nitakupenda daima. Ubeti wa kwanza watoa sababu ya safari. Anayeondoka aona kwamba kubaki kwake kutamzuia mwenzake. Ubeti wa pili wataja mzigo anaouchukua, nao ni kumbukumbu tu, tamu na chungu kwa pamoja. Ubeti wa tatu ni dua. Anayeondoka amwombea anayebaki maisha ya upole, kutimia kwa ndoto zake, furaha, na zaidi ya yote mapenzi. Tuone jambo ambalo halimo katika dua hiyo. Mwimbaji hajiombei chochote. Haombi asubiriwe, haombi akumbukwe, wala haahidi kurudi. Matumaini yote ameyaweka kwa mwenzake. Hapo ndipo ilipo dhamira ya wimbo: kwamba mabadiliko hayalazimiki kuyaua mapenzi, na kwamba mtu aweza kumwacha mwenzake pasipo kumtupa.

Fani yake inalingana na maudhui hayo. Hamna tamathali ngumu, wala msamiati wa kutafutwa. Ufundi mkubwa ni takriri: kiitikio chasema neno lile lile kila mara, lakini maana yake hugeuka kwa kadiri ya ubeti uliotangulia. Baada ya ubeti wa kwanza ni faraja. Baada ya wa pili ni uchungu. Baada ya wa tatu ni baraka. Katika rekodi ya 1974 Parton aliimba kwa sauti ya chini, na alipofika ubeti wa tatu hakuuimba kabisa, bali aliusema, kama mtu azungumzavyo na mwenziwe mlangoni. Uamuzi huo una maana kubwa. Dua haitaki mapambo. Msikilizaji ahisi kwamba wimbo umesimama kidogo ili mtu aseme la moyoni, kisha uendelee.

Tuje sasa mwaka 1992. Houston, mzaliwa wa Newark katika jimbo la New Jersey, alikuwa tayari mwimbaji wa pop mwenye sifa kubwa duniani. Naye alitoka katika shule ya nyimbo, lakini shule nyingine: kwaya ya kanisa la Wabaptisti la New Hope, na malezi ya mama yake, Cissy Houston, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za injili. Alipoigiza katika filamu The Bodyguard, mwigizaji mwenzake Kevin Costner alipendekeza wimbo huu wa Parton, akashikilia pia kwamba mwanzo wake uimbwe pasipo ala. Rekodi hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani kwa majuma 14.

Houston aliuchukua wimbo wa shambani akauingiza kanisani. Pale ambapo Parton aliweka noti moja juu ya silabi moja, Houston aliivuta silabi juu ya noti nyingi, kama wafanyavyo waimbaji wa injili roho inapowapanda. Ubeti wa tatu, ule wa dua, hakuusema. Aliuimba kwa upole. Mara dua inapokwisha, muziki unanyamaza. Kisha unasikika mdundo mmoja mzito wa ngoma, sauti inapanda hadi ufunguo wa juu zaidi, na kiitikio kinalipuka kwa nguvu zote za kifua. Twaamini kwamba jibu la swali letu limo katika mdundo huo. Kilicho kabla yake ni kuaga na kuombeana heri. Kilicho baada yake ni kiapo cha kupenda daima. Sikio hushika kile kilichopigwa kwa nguvu. Basi msikilizaji hukumbuka kiapo, akasahau safari.

Je, tuseme kwamba Houston aliuharibu wimbo? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kudharauliwa: sauti ikiwa kubwa mno huweza kulifunika neno. Lakini sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Turejee mwanzo wa rekodi hiyo. Maneno yanayoeleza kwamba mtu anaondoka ndiyo yaliyoimbwa yakiwa uchi, hakuna gitaa wala ngoma ya kuyaficha. Mwimbaji hangeweza kuyaweka wazi zaidi ya hapo. Na katika filamu yenyewe wimbo unasindikiza kutengana kwa wapendanao. Mwimbaji alitimiza wajibu wake; kosa ni letu tuliongoja sauti ipande ndipo tukafungua masikio. Isitoshe, kupaza sauti baada ya dua kwaweza kuwa na maana yake: Parton atuonyesha mtu aliyekwisha kukubali kuondoka, ilhali Houston atuonyesha gharama ya kukubali huko.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu hafai kulipuuza. Elvis Presley aliupenda wimbo huu akataka kuurekodi. Meneja wake, Colonel Tom Parker, alitaka mtunzi atoe nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo. Parton alikataa, ingawa alisema baadaye kwamba alilia sana kwa kuikosa nafasi hiyo. Miaka ilipopita, rekodi ya Houston ilipoenea duniani, mapato ya mtunzi yalikuja kwake kamili. Mwaka 1992 usingalimletea neema hiyo kama angalisalimu amri mbele ya jina kubwa. Wengine huweza kuona mgongano hapa: mwanamke aliyeimba juu ya kuachilia, mbona hakuachilia nusu ya wimbo? Sisi hatuoni mgongano. Kuaga kwa heshima si kukubali kunyang'anywa. Anayejua thamani ya kile alicho nacho ndiye awezaye kuondoka bila chuki, kwa kuwa haondoki mikono mitupu.

Wala tusidhani kwamba maisha yaliutii wimbo mara moja. Mwaka 1979 Wagoner alimshtaki Parton kwa madai ya kuvunja mkataba, na shauri hilo likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Baraka ya ubeti wa tatu ilichelewa. Lakini haikupotea: Mei 2007, Wagoner aliposherehekewa kwa kutimiza miaka 50 katika jukwaa la Grand Ole Opry, Parton alikuwapo kumuenzi. Mzee huyo alifariki Oktoba mwaka huo huo. Wahenga walisema wema hauozi. Twaweza kuongeza kwamba wakati mwingine huchukua zaidi ya miaka thelathini kuiva.

Mafunzo yake kwa darasa ni nini? Vijana wengi husikia katika nyimbo za mapenzi kwamba kupenda ni kushika, na kwamba anayeondoka ni adui. Fikra hiyo ina madhara. Yumo msichana anayeambiwa kwamba akienda masomoni hampendi mchumba wake. Yumo kijana anayedhani kwamba kuachwa ni kudhalilishwa, na kwamba aliyedhalilishwa ana haki ya kulipiza. Wimbo huu wasema kinyume. Wasema kwamba mtu ana haki ya kukua, na kwamba mwenzake aweza kuombewa heri hata mlango unapofungwa. Twapendekeza, basi, mwalimu ayasome kwanza maneno darasani pasipo muziki, awaulize wanafunzi ni nani anayesema na anakwenda wapi. Baadaye awasikilizishe rekodi ya 1974, kisha ile ya 1992, na kuwauliza ni nini kilichobadilika ilhali maneno ni yale yale. Baada ya hapo na waende kwenye nyimbo zetu za harusi, za jando na za maombolezo wakiwa na masikio yaliyofunguka.

Whitney Houston alifariki tarehe 11 Februari 2012. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa lile lile la New Hope alikoanzia kuimba. Jeneza lake lilipokuwa likitolewa, ilipigwa rekodi yake ya wimbo huu. Siku hiyo hapakuwa na ukumbi uliopambwa wala keki ya kukatwa, na hapana aliyehitaji kufafanuliwa maana. Maneno yalikuwa yamefika mahali pake: mmoja alikuwa anaondoka, na waliobaki walikuwa wakiombewa heri kwa sauti yake mwenyewe.