Render: serveri ya mbali, makuta ya hapa

Bandugu tuliomaliza pamoja, kila promosyo sasa inataka programu yake ya kuandika makuta ya likelemba na ya kilio. Na kila mara kijana mumoja wa enformatiki anasema: «Tuiweke ku Render, ni bure.» Tupime basi ile neno «bure».

Mazuri yake ni ya kweli. Unatuma kode yako ku GitHub, Render inaichukua, inaijenga, na kisha dakika kidogo programu iko hewani. Hakuna mutu wa kulala karibu na mashini. SNEL ikikata kura mu Katuba ao mu Kenya, serveri ya Frankfurt haijui hata. Kwa muji yetu, ile si kitu kidogo.

Lakini bure iko na bei. Kama hakuna mutu anafungua programu kwa dakika 15, inalala. Wa kwanza kuiamusha anangoja karibu dakika nzima. Ile tunaweza kuvumilia. Kisichovumilika ni hiki: baze ya data ya bure inaisha kisha siku 30. Daftari ya makuta ya batu haiwezi kuwa na siku ya kufa. Heroku nayo ilikuwa na bure yake. Tarehe 28/11/2022 ikafunga mulango, batu bakahama mbio mbio.

Ukilipa, serveri ndogo inaanzia dola 7 kwa mwezi. Si nyingi, lakini inataka karte ya banki, si M-Pesa wala Airtel Money. Karte ya nani? Mwenye karte akihamia Canada, ao mukigombana, ufunguo unaenda naye. Naona shida yetu kubwa iko hapo, kuliko ku teknolojia.

Tena Render haina serveri Afrika, Fly.io iko nayo Johannesburg. Na mwisho wa 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti karibu juma tatu. Siku kama zile, daftari ya ng'ambo ni sawa haiko, na kilio hakingoji.

Kwangu mimi, Render ni nzuri kwa kujifunza na kuonyesha kazi. Kwa makuta ya batu: lipeni, akaunti ifunguliwe na imeli ya asosiasyo, si ya mutu, na kila juma kopi ya baze iingie ku diski ya mweka-hazina, hapa Lubumbashi. Kama hamuwezi hayo matatu, kaye ya karatasi bado inashinda.